Njia ya Chemchemini

Barua ya ajira yangu ilisema Kasulu. Mama yangu, kule Kilwa, alipoambiwa ni mkoa wa Kigoma aliuliza kama huko kuna nchi kavu au ni ziwa tupu. Ziwa sikuliona. Basi lilinishusha kwenye mji mdogo ulioko vilimani, kando ya barabara iendayo Kibondo, asubuhi yenye ukungu na baridi ambayo sikuwa nimeibebea nguo. Huo ulikuwa mwanzo wa mwaka 2012. Mji wenyewe nitauacha bila jina, maana watu wa kisa hiki wengi bado wanaishi pale, na hawakuniomba niwaandike.

Shule haikuwa na nyumba ya mwalimu iliyobaki wazi. Nikapanga vyumba viwili kwa bibi mmoja mjane, kwenye kitongoji kilichoko mteremkoni, chini ya soko. Zamani kidogo kilikuwa kijiji. Sasa kilikuwa kimeingizwa mjini, na watu walilitamka neno hilo "mjini" kwa kulicheka, kwa sababu mihogo ilikuwa bado inafika mpaka mlangoni. Bomba lilikuwepo uani kwa bibi, lakini maji yalitoka siku yalipotaka, na mara nyingi hayakutaka. Maji ya kutegemea yalikuwa bondeni, kwenye chemchemi iliyotoka mwambani kupitia kipande cha bomba ambacho hakuna aliyekumbuka nani alikipachika. Njia ya kwenda huko ilianzia nyuma ya nyumba ya bibi, ikapita kwenye mihogo, ikaingia migombani, ikashuka moja kwa moja hadi majini.

Kwetu nilibeba ndoo tangu utotoni, lakini nilibeba kwenye ardhi tambarare. Siku ya kwanza kupanda ule mteremko nilijimwagia maji yote, nikabaki nimesimama njiani nikiwa nimelowa mpaka kwenye viatu. Nyuma yangu alikuwepo mwanamke mwenye dumu kichwani. Alilitua, akacheka mpaka akakaa chini, kisha akanyoosha mkono nimpe kitenge nilichokuwa nimekikunja chini ya ndoo.

"Kata yako hii ni ya watu wa tambarare," alisema, akaikunja upya, ndogo na ngumu. "Na usitazame miguu, mwalimu. Miguu inajua kazi yake. Tazama mgongo wa mtu aliye mbele yako."

"Umejuaje kama mimi ni mwalimu?"

"Nani mwingine angekuja huku na viatu hivyo?"

Ndivyo tulivyojuana. Alikuwa jirani yangu wa nyumba ya pili, amenizidi miaka kama kumi, nami nikawa namwita dada. Aliuza mawese sokoni. Mume wake alikuwa fundi baiskeli kando ya barabara, mtu mrefu, mkimya, mwenye vidole vilivyojaa grisi hata siku ya Jumapili akienda kanisani. Nyumbani kwao walizungumza Kiha kilichochanganyika na Kirundi, kwa sababu wazazi wa wote wawili walikuwa wametoka Burundi. Jirani yangu alizaliwa hapo hapo mteremkoni. Uraia waliupata baada ya kuusubiri kwa muda mrefu sana, na walikaa nao kama mtu anayebeba mayai.

Mwaka ule ule kambi ya wakimbizi ya Mtabila ilikuwa inafungwa. Dada yake mdogo, aliyekuwa ameolewa na mtu wa kambini, alirudishwa Burundi na watoto wake. Jirani yangu alikwenda kumuaga, akarudi na masufuria mawili ambayo dada yake alishindwa kuyabeba. Alinieleza habari hizo akiwa anayasugua kwa majivu.

"Mdogo wangu alikuwa anabishana na kila mwenye kofia ya serikali," alisema. "Mimi nimejifunza kunyamaza. Mtu akinyamaza hakuna anayemuuliza kwao ni wapi."

Na kweli alinyamaza. Kwenye mikutano ya kitongoji alikaa mwishoni kabisa, upande wa barabarani. Mwenyekiti akiuliza kama tumekubaliana, alijibu "ego" pamoja na wengine, yaani ndiyo, kisha akasimama na kwenda zake.

Mwaka uliofuata walikuja wapima ardhi. Walipita mihogoni na vyombo vyao, wakachimbia vinguzo vya zege walivyoviita bikoni. Watoto waliwafuata kutwa nzima. Mwenyekiti wetu, mkulima wa kahawa mwenye kifua kibovu na sauti ndogo, alituambia kwamba hayo ni maendeleo, mji sasa unapangwa. Hakuna aliyeuliza neno. Bikoni moja ilikuwa kushoto kwa njia yetu na nyingine kulia, nasi tuliendelea kupita katikati yake na ndoo zetu.

Kiangazi kilipokolea, siku moja nilitoka shule, nikachukua ndoo, nikakuta watu wamesimama njiani bila kusogea. Mbele yao mafundi walikuwa wanapanga tofali. Ukuta ulikuwa umefika magotini na ulikatiza njia kutoka bikoni hadi bikoni.

"Sisi tunapita wapi?" mama mmoja aliuliza.

"Mimi nimeambiwa nijenge," fundi alijibu, bila ubaya. "Mwenye kiwanja yuko kazini. Mkimwona, mwulizeni."

Hatukujua mwenye kiwanja ni nani. Kabla wiki haijaisha ukuta ulikuwa umefika mabegani, na sisi tukaanza kuzunguka. Kuzunguka kulikuwa kupanda kwanza mpaka sokoni, kupita panapoegeshwa malori, halafu kushuka upande wa pili kwenye mashimo yanapochimbwa udongo wa tofali. Wenye nguvu waliweza, ila walichelewa kila mahali. Wanafunzi wangu wa kitongoji kile walianza kuingia darasani kipindi cha pili, sare zao zikiwa na udongo mwekundu mpaka kiunoni, na mimi nilishindwa kuwaadhibu kwa sababu na mimi nilikuwa napita huko huko.

Bibi mwenye nyumba wangu hakupenda kuchotewa maji. Alikuwa na dumu lake dogo la njano na alisema siku atakayochotewa maji ni siku ya kuoshwa. Alianguka kwenye yale mashimo, akavunjika mkono. Nilimpakia kwenye bodaboda, katikati yangu na dereva, na njia nzima hadi kituo cha afya alilalamikia dumu lililopasuka, si mkono.

Tabibu aliyetupokea alikuwa kijana mpole mwenye lafudhi ya Mwanza. Aliunyoosha ule mkono kwa uangalifu huku akimzungumzisha bibi ili asahau maumivu.

"Bibi, umeangukia wapi?"

"Kwenye mashimo ya tofali. Kuna mtu amejenga ukuta juu ya njia yetu ya maji. Mungu amsamehe. Mimi bado."

Mikono ya tabibu ilisimama kidogo, halafu ikaendelea kuzungusha bandeji. Nilidhani anatafuta mwisho wa kitambaa. Alipomaliza alitusindikiza mpaka nje, jambo ambalo matabibu hawalifanyi, akasimama pale mlangoni akitutazama tunavyoondoka.

Habari ya mkono wa bibi ilienea kabla hatujafika nyumbani. Jumapili yake, baada ya ibada, wanaume watatu walikwenda na nyundo wakaangusha kipande cha ukuta. Mmoja wao alikuwa mume wa jirani yangu. Yule mtu ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti alikuwa ndiye mwenye nyundo kubwa. Mgambo walifika mchana huo huo, wakatukataza kupita pale, wakawachukua wote watatu. Waliachiwa jioni baada ya mwenyekiti kwenda kuwaombea, lakini fundi baiskeli alirudi nyumbani akakaa kwenye kigoda bila kula. Kumbe wenzake waliulizwa kwa nini wamebomoa. Yeye aliulizwa kwanza kwao ni wapi.

Asubuhi jirani yangu alikuja kunigongea.

"Mwalimu, hayo mambo ya njia tuyaache," alisema. "Tutazunguka. Watu wanazunguka na wanaishi."

Akachukua dumu lake. Alikuwa ameshaondoka kabla sijamkaribisha ndani.

Mwenyekiti hakuyaacha. Aliitisha mkutano kwenye uwanja wa shule ya awali, akasema kwamba ukuta hauondolewi kwa nyundo. Utaondolewa na ofisi ya mji, iliyopima viwanja. Ikachaguliwa kamati ya kwenda huko, na mimi nikawekwa kuwa katibu, kwa sababu, walisema, mwandiko wangu unasomeka. Nilikubali haraka. Kesho yake mwalimu mkuu aliniita ofisini.

Alikuwa mtu mzima, mwenyeji wa Mbeya, amebakiza miaka michache astaafu. Alifunga mlango.

"Nasikia unakwenda kuishitaki serikali."

"Hapana, mwalimu. Tunakwenda kuomba njia ya maji."

"Wewe ni mtumishi. Mwajiri wako ni nani?"

"Serikali."

"Sasa unaona ilivyo ngumu." Alivua miwani akaifuta kwa shati, akatazama dirishani kwa muda. Nje wanafunzi waliochelewa walikuwa wanakuja wakikimbia, na udongo wao. "Hao ni wa huko kwenu?"

"Ndiyo, mwalimu. Na mimi ningechelewa leo, isipokuwa sikuoga."

Hapo alicheka, japo hakutaka. "Haya, nenda. Lakini usiongee kama mwalimu wa shule yangu. Ongea kama mpangaji."

Tulikwenda ofisi ya mji mara tatu. Mara ya kwanza afisa mtendaji alikuwa safarini. Mara ya pili alikuwepo lakini ana kikao, tukakaa kwenye benchi mpaka jua likatuhamisha upande, mwisho tukaambiwa turudi wiki ijayo. Mwenyekiti hakukasirika hata mara moja. Alimsalimia kila mtu aliyepita, akawauliza habari za nyumbani, na mara ya tatu tulipofika hata mfagizi alitujua na akatutafutia viti.

Aliyetusikiliza alikuwa afisa ardhi, binti ambaye naona alikuwa rika langu, ametoka chuo karibuni. Alitandaza ramani mezani, akaibana kona kwa vikombe vya chai. Alikuwa na adabu. Aliweka kidole kwenye kitongoji chetu na kukipitisha taratibu kwenye viwanja vyote.

"Njia mnayosema iko wapi?"

Mwenyekiti aliinama, akatafuta. Mimi nikainama. Kulikuwa na barabara za mitaa ambazo hazikuwa zimelimwa bado, na sehemu ya shule, na sehemu ya zahanati, mistari minyoofu mizuri. Njia yetu haikuwepo. Hata chemchemi haikuwepo; bonde lote lilipakwa kijani.

"Walipima masika, wakati mihogo imefunika," binti alisema polepole, kama anayejieleza mwenyewe. "Mimi sikuwepo. Lakini nikisema kuna njia, nitaulizwa iko wapi kwenye mpango."

"Njoo uione," mwenyekiti alisema. "Mje wote, na mtendaji. Sisi hatuna ramani, lakini tuna miguu ya kuwaonyesha."

Nilitazamia tutaambiwa turudi tena. Lakini binti aliandika tarehe palepale, akainuka kwenda kuiombea kibali chumba cha pili, akarudi na jibu. Tulitoka nje mwenyekiti akikohoa na kutabasamu kwa pamoja.

Siku ya mkutano na watu wa ofisi ya mji, wananchi walijaa uwanja wa shule ya awali mpaka wengine wakakaa juu ya bembea za watoto. Bibi alikuja na mkono wake umening'inia kwenye kitambaa cha kanga. Afisa mtendaji alifika na binti wa ardhi. Alikuwa mtu mnene, mstaarabu, mgeni kama mimi, aliyetoka Iringa. Jirani yangu alikuja pia, jambo ambalo sikulitegemea. Alikaa palepale pake, mwisho, upande wa barabarani, na mume wake akasimama nyuma yake.

Mwenyekiti alieleza. Mimi nilisoma ombi letu, kama mpangaji. Kisha afisa mtendaji alijibu, kwa heshima na kwa urefu. Alisema mji bila mpango ni vurugu. Alisema mwenye kiwanja amekipata kwa halali na kubomoa mali yake ni kosa. Alisema ofisi inawahurumia wananchi, lakini kwa mujibu wa mpango uliopitishwa, njia hiyo haipo.

Watu walinung'unika. Nilisikia nyuma yangu mtu anasimama.

"Mheshimiwa, samahani."

Niligeuka. Jirani yangu alikuwa amesimama, kitenge chake amekishika kwa mikono miwili tumboni.

"Umesema njia haipo. Mimi sijasoma, labda sijaelewa. Mama yangu alipofika hapa mimi nilikuwa tumboni mwake. Maji ya kwanza aliyokunywa ni ya pale chini, na alishuka kwa njia ile. Mimi nimeshuka nayo tangu nikiwa wa kubebwa. Watoto wangu wameshuka nayo. Sasa kama haipo, mimi miaka yote nilikuwa napita wapi?"

Watu walicheka, kwa chini. Afisa mtendaji naye alitabasamu kidogo. Jirani yangu hakucheka. Aliendelea, na kadiri alivyoendelea Kiswahili kilimpungukia, akaingia kwenye Kiha. Mwenyekiti akawa anamtafsiria afisa mtendaji, sentensi kwa sentensi, kwa ile sauti yake ndogo.

"Anasema mume wake amebomoa ukuta, na hilo ni kosa. Wamelikubali na watazirudisha tofali. Anasema lakini alipokamatwa aliulizwa kwao ni wapi. Anasema kwao ni hapa." Mwenyekiti aligeuka kumsikiliza tena. "Anasema hawamkatazi mtu kujenga. Yule ajenge na wao wapite. Anasema hilo tu."

Jirani yangu alikaa. Nilimwona akiangalia mikono yake kama si yake. Mume wake aliinama akamwekea kiganja begani, mbele za watu wote, na pale mteremkoni mwanamume hafanyi hivyo hovyo.

Afisa mtendaji alifungua daftari lake. Kabla hajasema kitu, mtu mwingine alisimama upande wa pili, karibu na ukuta wa darasa. Alikuwa yule tabibu.

"Kiwanja ni changu," alisema.

Uwanja mzima uligeuka. Bibi alikuwa mbele yangu, na mgongo wake ulinyooka.

"Nilionyeshwa bikoni nne nikaambiwa ndani ya hizo ni pako. Nilikuja kukiona jioni moja tu, sikukuta mtu. Nilidhani kile kinjia ni cha ng'ombe. Nataka kumjengea mama yangu nyumba, aje kutoka Mwanza." Alimtazama bibi. "Siku ile nilishindwa kusema. Nilirudi nyumbani nikashindwa kulala. Na mimi nilinunua kiwanja, sikununua njia. Kama ofisi itakubali, tusogeze."

Hakuna aliyepiga makofi. Watu walikuwa bado wanamtazama. Ndipo bibi akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama wako wawili tu:

"Kumbe ni wewe. Na maji unachota wapi?"

"Nanunua, bibi. Yanaletwa na bodaboda."

"Hayo huchotwa kwenye mashimo ya tofali, yamejaa udongo. Njoo unywe ya kwetu."

Kicheko kilichofuata kilikuwa cha watu wote, hata afisa mtendaji alishika tumbo. Tulishuka pamoja, tukapitia pale palipobomolewa, binti wa ardhi akiwa mbele na ramani yake imekunjwa kwapani. Viatu vyake vilikuwa vya ofisini na kwenye migomba aliteleza, mume wa jirani yangu akamshika mkono. Kule chini alisimama muda mrefu akitazama maji yanavyotoka mwambani, akayanywa kwa kiganja. Kisha akatoa kalamu, akaweka alama ndogo kwenye ile sehemu ya kijani.

Kazi ilibaki ndefu hata hivyo. Kubadilisha mpango hakufanyiki kwa kalamu ya mtu mmoja; jambo lilitakiwa lipite kwenye vikao, na vikao vina siku zake. Binti wa ardhi aligundua kwamba upande wa chini wa kiwanja cha tabibu kulikuwa na kipande kando ya korongo ambacho hakikugawiwa mtu. Shauri lake lilikuwa tabibu aachie ukanda wa njia upande mmoja na aongezewe huko chini. Mvua zilianza jibu likiwa bado. Mwenyekiti na mimi tuliendelea kwenda ofisini kuuliza, naye aliendelea kuwasalimia watu wote.

Lakini tabibu hakungoja vikao. Kesho yake tu baada ya mkutano alikuja na mafundi, akafungua ukuta mahali tulipokuwa tukipita. Jumamosi yake fundi baiskeli na wenzake wawili walikwenda kumfanyia kazi bila kuitwa. Zile tofali walizoangusha walizikusanya, nzima kwa vipande, wakazisafisha na kuzipanga upya kufuata njia badala ya kuikata. Nilipita na ndoo nikawakuta tabibu na fundi baiskeli wamekaa juu ya rundo la mchanga wakila muhogo wa kuchemsha kwenye sahani moja. Sikumbuki walikuwa wanazungumza nini. Nadhani walikuwa hawazungumzi.

Idhini ilitoka mwaka 2014, masika yakielekea kwisha. Binti wa ardhi aliileta ramani mpya mwenyewe ili tuione. Njia yetu ilikuwepo, kimstari chembamba kati ya mistari miwili. Ilikuwa nyembamba kuliko tulivyoizoea, na wenye baiskeli walilalamika kwamba wakikutana wawili mmoja lazima arudi nyuma. Pia sasa ilikuwa na kona kwenye migomba, ambapo mvua ikinyesha maji hujaa. Tulitafuta mawe tukatengeneza ngazi. Siku hiyo jirani yangu ndiye aliyekuwa anapanga nani abebe nini, na niligundua kwamba sauti yake ni kubwa, tena imezoea kuamrisha. Ni vile tu alikuwa akiitumia nyumbani.

Si yote tuliyoomba yalikubaliwa. Baada ya njia, kitongoji kilipata ujasiri kikaomba bomba lirekebishwe. Tuliahidiwa, tukaahidiwa tena, na mpaka naondoka bomba la bibi lilikuwa bado linatoa maji siku linapotaka. Lakini watu waliijua njia ya kwenda ofisini. Akina mama wa sokoni walikwenda wenyewe kuomba choo, wakakipata. Na uchaguzi wa serikali za mitaa ulipofika mwishoni mwa mwaka ule, jirani yangu aligombea nafasi ya wanawake kwenye kamati akapita. Nilikwenda kumpongeza jioni. Mume wake alikuwa anaziba pancha mlangoni.

"Mwalimu, karibu," alisema bila kuinua kichwa. "Pita tu, serikali iko jikoni inapika maharage."

Ndiyo sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia akisema, na jikoni nilimsikia mke wake akicheka.

Mwaka 2015 nilihamishiwa Kibondo. Sikuomba, barua ilikuja tu, kama ile ya kwanza. Mama yake tabibu, ambaye alikuwa ameshafika na kuzoea, alinifungia mfuko wa samaki wakavu wa kwao. Bibi alinipa kuku hai, akasema akifa njiani nisimwambie. Jirani yangu alinisindikiza mpaka kituoni, tukangoja basi.

"Huko unakokwenda watu wanakaaje?" aliniuliza.

"Sijui. Nitaona nikifika, nikupigie."

"Ukifika uliza kwanza mwenyekiti wao ni nani. Usingoje mpaka kitu kiharibike."

Kibondo nilipata chumba karibu na soko. Nyuma ya nyumba kulikuwa na jaa la takataka ambalo lilikuwa linachomwa asubuhi, na moshi ulituingia sote vyumbani, hata kwa yule mama wa chumba cha pembeni aliyekuwa na mtoto mchanga mwenye kikohozi. Wapangaji wenzangu walisema limekuwa hivyo siku zote, hakuna wa kumwambia. Wiki ya kwanza nilinyamaza, nikafunga dirisha. Wiki ya pili nilimgongea yule mama, nikamsalimia, nikamuuliza kama anaijua ofisi ya mwenyekiti.

"Naijua," alisema. "Lakini sijawahi kuingia."

"Twende wote basi," nilimwambia. Alifikiri kidogo, akamfunga mtoto mgongoni, tukatoka.